Kilo Kumi na Saba

Kazini Kilindini napima makontena:
tani ishirini na nane, mhuri, lipite.
Nyumbani Tudor, ghorofa ya tatu, saa nne usiku,
nimepanda mizani ya bafuni na shanta mgongoni,
na mama amechutama na tochi anisomee namba
maana mikanda imenikaba, shingo haiinami.

"Sasa toa uzito wako," asema.
Nautoa. Kilo kumi na saba na robo.
Nyevu alishanionya: ikipita kumi na tatu,
siku ya pili utaanza kumtukana aliyekualika.

Aliyenialika ni mimi.

Ramani i sakafuni, imebanwa pembe zote:
kinu, mbuzi ya nazi, chupa ya marashi,
bunda la risiti za stima.
Milima ya Ndoto. Ndiyo jina lake, sikulitunga mie,
na kila nikilitaja ofisini
Shallo huuliza nauli ya ndotoni ni shilingi ngapi.
Siku sita kwa miguu. Juu msitu, chini mchanga,
na mito iliyochorwa kwa vidoti vya buluu.
Vidoti, alinieleza Lesuyai kwa simu ya kukatikakatika,
maana yake mto upo, maji yamelala chini. Mtachimba.
"Na tusipoyapata?"
Kimya. Mkwaruzo. Kisha sauti yake, mbali:
"...ng'ombe wanajua."

Nikaandika pembeni, kwa penseli:
lita nne kwa mtu kwa siku,
watu watatu, siku mbili bila kisima,
ishirini na nne.
Nikaitazama ile hesabu, nikacheka peke yangu.
Huo ni mtungi mmoja wa Kombo na kibakuli juu!
Bomba letu limenyamaza tangu Jumanne ya wiki jana,
mkokoteni wa Kombo ndio mto wetu,
na mimi ni mtu wa kunawa uso kwa kikombe,
yale ya uso yakaosha sahani,
yale ya sahani yakaenda chooni.
Tumezungukwa na maji pande zote kisiwani hapa
na bado nayapima kwa jicho.
Nani atanisomesha ukame?

Haya. Tupunguze.
Sufuria ya pili, toka. Riwaya, toka,
nimebaki na kurasa arubaini, zitaningoja.
Mpini wa mswaki naukata kwa kisu cha samaki.
Mchele utoke, tende ziingie.
Na kila nitoacho kwa mkono huu
mama arudisha kingine kwa mkono ule:
kopo la visheti, dawa ya kuchua,
leso, doti nzima, haijakatwa.
"Leso ni kamba. Ni taulo. Ni pazia ukitaka kujisitiri.
Mtu akivunjika mguu ni machela."
Akaishia hapo. Kazi ya mwisho ya leso hakuitaja,
nami sikumkumbusha.

"Na huko kuna nini, hasa?"
Ndovu, nikasema.
"Ndovu hata Kwale wako."

Sikuwa na jibu. Nikaitoa dira, mpya, ina harufu ya duka,
nikailaza sakafuni nijifunze kuisoma.
Mshale ukatetema, ukayumba kuelekea jikoni,
ukarudi, ukatulia
sambamba na ukingo wa msala wake
uliobaki wazi tangu isha.
Tukautazama sote wawili.
Miaka sitini na moja, mara tano kwa siku,
anaielekea kaskazini
na hajawahi kuvuka Mariakani.

"Kumbe ni kulekule," akasema, polepole,
kama mtu aliyeonyeshwa nyumba ya jirani
aliyekuwa akimsalimu kupitia ukuta.

Kisha akafungua kopo, akala kisheti kimoja,
akanipa kimoja, akala kingine.
"Panda tena tuone."

Kumi na nne na nusu.
Nyevu atanitukana.
Leso imebaki.